Dawa ya Magoti ya Mzee Silima

Siku nane zilikuwa zimepita, na Khairiya alikuwa bado hajasema.

Kila asubuhi alijiambia leo. Alipasha mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, akavuta kigoda, akakaa miguuni pa Mzee Silima na kuanza kumkanda magoti. Alikanda kama alivyofundishwa chuoni: kwenye mfupa mkono unashuka moja kwa moja, kwenye kiungo unazunguka. Mzee alifumba macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua kulikuwa sawa. Presha ya macho ilimmalizia nuru miaka mitatu nyuma.

"Mashaallah," alisema. "Una mkono mwepesi, mwanangu. Huko India wamekufundisha kweli."

"Wametufundisha, baba."

Siku aliyofika kijijini Ole, Pemba, gari ilimshusha barabarani na mabegi mawili. Moja alilifungua siku ile ile, akatoa vichupa vya mafuta na unga wa dawa. La pili lilikaa uvunguni mwa kitanda, halijaguswa. Alikuwa amepanga kusema pale pale mlangoni. Lakini Mzee Silima alisikia hatua zake, akainuka kwa bakora, akanyoosha mikono.

"Umerudi, mwanangu?"

Khairiya akaangua kilio kifuani pake. Maneno yote aliyoyaandaa ndani ya ndege yakapotea.

Jioni ile Bi Asma, dada wa mzee, alimvuta jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza kaka yake tangu alipofiwa na mke.

"Umemwambia?"

"Sikuweza, Bi Asma."

"Basi ngoja presha yake ya damu ishuke kidogo. Mie mwenyewe nimejaribu mara tatu, mdomo unafunga."

"Lakini Jumamosi ya wiki ijayo lazima niondoke."

"Najua," alisema Bi Asma, akageukia chungu chake cha muhogo ili asionekane macho.

Basi ikawa ni kukanda asubuhi na kuzungumza alasiri. Mzee Silima hakuchoka kusikia habari za kile chuo cha serikali huko Kerala, wanakofundisha Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi. Khairiya alimsimulia jinsi wanafunzi wanavyohifadhi beti za Kisanskriti kwa sauti, wakiyumba kama watoto wa madrasa wanaohifadhi juzuu. Alimsimulia mwalimu mmoja mzee aliyeweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mgonjwa, akamwambia alichokula jana. Alimsimulia bustani ya dawa, ambako kivumbasi kimejengewa ua na kuandikiwa jina kwenye kibao.

"Kivumbasi!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Na hapa kinaota nyuma ya choo."

Siku ya sita aliuliza, "Wapemba mlikuwa wangapi huko?"

"Wawili tu. Tulikaa chumba kimoja miaka yote. Tukigombana Kipemba, wenzetu wakidhani tunataka kuuana."

"Na huyo mwenzako?"

Mikono ya Khairiya ilisimama juu ya goti. "Alifaulu mitihani yote, baba. Kunishinda hata mie. Kisha akaumwa mwezi wa mwisho. Kabaki huko."

Nje, mtu alikuwa akianua karafuu kwenye mkeka, kwa maana mawingu yalikuwa yamejikusanya. Walimsikiliza mpaka akamaliza.

"Unajua," alisema mzee baadaye, taratibu, "barua ya nafasi ya masomo ilipokuja, ndugu zangu wote walikataa. Mtoto wa kike, nchi ya mbali, miaka sita. Mie nikasema mwacheni aende. Mie peke yangu." Alipapasa ukingo wa kiti. "Nilikosea?"

"Hukukosea, baba. Wallahi hukukosea. Ile miaka ilikuwa na furaha."

"Ilikuwa na furaha?"

"Kila siku yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea kitu na kukipanga mahali pake. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto, kwa maana huo ulikuwa bado haujakandwa.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Mzee Silima alikwenda msikitini kwa miguu yake, Bi Asma akimwongoza kwa sauti tu. Aliporudi alisema kwamba leo amesujudu chini kama watu, hakusalia kitini, na kwamba alikaa katika sijida ile muda mrefu. Uso wake ulikuwa umelowa. Bi Asma aliingia jikoni, akafunga mlango.

Khairiya hakupasha mafuta. Alikaa sakafuni mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili.

"Baba, kesho naondoka. Lakini kabla sijaondoka, kuna jambo..."

"Nyamaza kwanza." Mzee alimwekea kiganja kichwani, juu ya mtandio. "Umenipa siku tisa. Sitaki kukuchukulia hata moja zaidi. Babaako na mamaako wanakungoja Mtambile tangu ulipoteremka kwenye ndege, Khairiya."

Khairiya aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Sauti yako niliijua pale pale mlangoni, si ulikuwa ukinisalimia kwenye simu," alisema Mzee Silima. "Sasa nambie. Rahma wangu mmemzika wapi?"