Mama na Jiwe ya Jiko

Jana hapa Koboko mulikosa sinema! Baba alitupa baskeli chini, tairi bado inazunguka, sababu alimukuta Mama amebeba jiwe ya jiko mikononi.

Kwetu, bibi aking'oa mawe ya jiko yake, ndoa imekwisha. Anarudi kwao.

Lakini Mama hakuwa anaenda popote! Alitaka tu nafasi ya jiko mupya ya udongo, ile nilijifunza koleji, inakula kuni kidogo sana. Furaha ilitushika sisi wawili, mila tukasahau kabisa.

"Mama Keji," Baba akasema, "nimekosa nini?"

Mimi Keji nikabana kicheko. Mama akafungua mudomo amwambie ukweli. Halafu akaona, nyuma ya Baba, ile lundo ya kuni ya kukausha tumbaku, imefika mpaka kwa paa. Akafunga mudomo.

Jiwe ilikuwa nyeusi tii, masizi imeshapaka gauni yake ya gomesi kifuani mpaka tumboni. Hakuiweka chini.

"Tumbaku yako imemaliza miti," akasema. "Mimi natafuta kuni mpaka Kongo."

"Nitapanda ingine, wallahi!"

"Lini?"

"Mvua ikikuja."

Mama akapakata jiwe vizuri, kama mutoto.

"Shimo ya kupanda miti haingoji mvua, Baba Keji. Jembe iko nyuma ya mulango."