Kikombe cha Kahawa

"Unga umepanda bei tena, dada. Meli za ngano zimekwama huko ng'ambo, wakubwa wa dunia wanagombana," alisema Mnyamani, mwenye duka la jumla, akiutua mfuko.

"Wagombane kwao! Mimi nimemkosea nani?" Zamoyoni alifoka.

"Maandazi yapunguze ukubwa, kama wenzako."

"Niwe mwizi kama wewe?"

Lakini akipandisha bei, nani atanunua? Alilisukuma donge la unga kwa hasira mpaka meza ikatikisika. Akaiweka kando bilauri ya mama yake, aliyokatia maandazi miaka yote, akakifudikiza kikombe kidogo cha kahawa juu ya donge.

Jirani yake Mwatime akatokea na bakuli.

"Nipe yale yako yanayojaza kiganja, shoga. Wale wengine matapeli!"

Mafuta yalikuwa yakichemka. Mkono wa Zamoyoni ulibaki juu ya kikombe, haujakandamiza.