Shaba ya Marehemu

"Kipovu kimekimbilia kushoto tena," Mama alisema, kwa sauti ya kutangaza msiba.

Meneja akainamia chombo cha shaba cha marehemu baba yake, aliyekuwa mpima ardhi. Kilikuwa chombo cha kizamani cha kupimia mteremko: nusu duara yenye digrii, na juu yake kichupa cha maji chenye kipovu cha hewa. Mahali palipo sawa, kipovu hukaa katikati. Hapa sebuleni kwa Mama kilikuwa kimejibanza pembeni kama mwizi aliyesikia mbwa.

"Nyumba inainama, mwanangu. Msihamie."

"Imeanza kuinama lini, Mama? Tangu nilipokuomba tubadilishane?"

Ombi lilikuwa jepesi tu: Meneja na mkewe waingie katika nyumba hii kubwa ya kilimani, yenye roshani inayolingana na cheo chake, naye Mama ateremke kwenye kijumba chao cha bondeni. "Nayahurumia magoti yako," alikuwa amemwambia, mpaka huruma ikamtoa machozi yeye mwenyewe.

Naye Meneja alimjua mama yake vizuri. Siku ya harusi yake, Mama aliwanong'oneza wakwe kwamba bwana harusi katoroka, kisha akavuta kiti awatazame wanavyohaha.

Meneja akapitisha macho sebuleni. Milango yote ilikuwa wazi, maana Mama siku zote alipenda hewa. Halafu macho yakatua kwenye mfuko wa gauni lake. Mpini wa bisibisi ulikuwa unachungulia.

"Na hiyo ya nini, Mama?"

"Ipi? Hii?" Akaisukuma ndani upesi. "Ya kufungulia kopo la rangi."

Meneja alicheka mpaka akajishika mbavu. Mkewe, aliyekuwa tayari anapima madirisha kwa ajili ya mapazia, akacheka pia. Ajuza kachezea skrubu za chombo cha watu ili kipovu kikimbie!

"Wiki hii hii tunakwenda kwa mwanasheria," Meneja alisema. "Karatasi zipigwe muhuri, usije ukatugeuka."

"Nimekwambia inainama. Mkeo shahidi."

"Tumesikia, Mama. Tumesikia sote."

Siku ya kuhama Mama alilia hadi majirani wakatoka nje. Meneja, mtoto mwema, alimbebea mizigo mwenyewe mpaka bondeni. Mzigo wa mwisho ulikuwa chombo cha shaba. Alikuwa anakiweka sakafuni simu ilipolia.

"Mume wangu," mkewe alisema, "hivi mlango wa chumbani unafungwaje? Na wa jikoni nao hautaki. Halafu nimeangusha chungwa sebuleni, limebiringika lenyewe mpaka barazani."

Meneja akageuka. Mama alikuwa amechuchumaa vizuri tu kwenye kona, akibandua kifuniko cha kopo la rangi kwa bisibisi.

Meneja akatazama miguuni pake. Kipovu kilitikisika kidogo, kikatulia katikati kabisa.