Jibu la Balozi wa Zohali

"Mzee, ukikohoa tena hapo, hii part naipatia Kipkirui. Mungu ni shahidi."

Sauti ya Mwihaki ilitoka kwenye spika ya ukutani, na Nicanor akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni katika chumba kilichobandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, juu ya duka la mbegu mjini Eldoret. Mwihaki, mwenye kipindi, alikuwa upande wa pili wa kioo. Kando yake, kwenye benchi, Kipkirui alikuwa amekunja nne akisubiri mzee wa watu aharibu. Kipkirui ni mshereheshaji wa harusi, na ana sauti ya kutetemesha sufuria.

Walichokuwa wanashindania ni nafasi ya Balozi wa Zohali. Nani mwenye mvi katika Uasin Gishu asiyemkumbuka? Enzi televisheni moja ilipokitosha kijiji kizima, watu wa Sugoi walijazana kwa mwalimu kila Jumamosi kumtazama Kamanda wa Dunia akimsihi Balozi asiiteketeze sayari yetu. Wengine walikuja na viti vyao. Kisha siku moja kipindi kikakatwa bila maelezo, dunia ikaachwa ikining'inia. Sasa, miaka zaidi ya thelathini baadaye, Mwihaki alikuwa anakiendeleza kwa sauti tu, redioni na kwenye simu, kuanzia palepale kilipokatikia.

Balozi wa zamani alikuwa Nicanor mwenyewe. Wenzake wote wa kipindi walikuwa wameshazikwa, na vijana wa siku hizi hawakumjua hata kwa dawa. Akinyang'anywa Balozi na mtu wa harusi, atabaki mzee mwenye kikohozi na shamba la mahindi, basi. Alikuwa anaogopa, tena sana. Kwenye televisheni alikuwa na macho, macho yaliyowafanya watoto wa Sugoi wakojoe kitandani. Redioni macho ni ya nini?

Alikuwa amefanya mazoezi zizini tangu mahindi yakiwa ya magotini. Mkewe, Nekoye, ndiye aliyekuwa Kamanda, huku akikamua. "Tuhurumie, jamani! Tuna watoto!" alikuwa akilia kutoka chini ya ng'ombe, na Nicanor anachukua zamu yake. Jirani mmoja alipita akadhani wamekosana. Akamwambia Nekoye avumilie tu, wanaume ndivyo walivyo.

Asubuhi hiyo alipokuwa anatoka, Nekoye alimpa chupa ya tangawizi na ndimu.

"Baba Nabwire, jana ulinigusa," alimwambia. "Hata ng'ombe aliacha kutafuna. Nenda uwafanyie vile vile, na usiwe na haraka."

Kipkirui ndiye aliyeanza kujaribiwa, na Mwihaki hakumwonea haya.

"Kipkirui, inasikika kama mtu anangoja boda."

"Sasa unataka nifanyeje, Mwihaki? Si nimefuata script?"

"Script umefuata. Lakini siamini."

Basi zamu ikawa ya Nicanor. Mara ya kwanza ndiyo hiyo iliyoharibiwa na kikohozi. Alikunywa tangawizi, akapangusa midomo, akarudia. Mwihaki alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja uso.

"Hapana. Hiyo iko na hasira, Mzee. Balozi hana hasira na sisi. Anatuonea huruma, ndio maana inamuuma. Nipe hiyo huruma. Na hii ndiyo ya mwisho, wenye studio wanataka chumba chao."

Nicanor akaitikia kwa kichwa. Akaisogelea maikrofoni. Taa nyekundu ikawaka.

"Balozi," Mwihaki akasoma, na sasa alikuwa Kamanda kweli, sauti imempasuka. "Watu wangu wamekosa. Wamekata misitu, wameuana, wamedanganyana. Lakini wanapenda watoto wao. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Je, utatuacha tuishi?"

Nicanor akafumba macho, akampa jibu.

Aliwafikiria wenzake waliokuwa mchangani. Akamfikiria Nekoye chini ya ng'ombe, akiitetea dunia kila asubuhi bila kulipwa hata asante. Katikati ya jibu, kikohozi kikaanza kupanda. Kikafika kifuani, kikafika kooni, kikabisha hodi kama askari wa kanjo anayedai ushuru. Nicanor akakishika hapohapo, akakimeza, akaendelea. Machozi yalimtoka yakashuka hadi kwenye ndevu. Hakuharakisha. Alilisukuma jibu lile taratibu hadi mwisho kabisa, mpaka taa nyekundu ilipozimika, ndipo akakohoa kikohozi cha kuangusha trei mbili za mayai.

Upande wa pili wa kioo, Mwihaki alikuwa amevua hedifoni, anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo haiguswi hata kidogo. Balozi ni wako, Mzee."

Kipkirui akainuka kwenye benchi. Nicanor alimwona akiufungua mlango na kuja moja kwa moja, mwili mkubwa hivyo, na akajua sasa ni maneno. Lakini kijana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Nimekubali, Mzee," alisema. "Balozi hana mdomo, sawa, na mimi nilinyamaza vile script imesema. Lakini wewe umenyamaza mpaka nikaskia."