Nywele za Jumapili

Kampuni yetu haitaki mtu aumwe kazini. Ukiwasha kompyuta, kidude walichotupachika begani kinazuia maumivu. Ukiizima, kinakuachia ya siku nzima kwa mkupuo. Nyumbani mkono wangu wa kulia haufiki hata kifuani. Wiki mbili binti yangu Salha alikwenda shule nywele timutimu.

Nikamfuata Bi Lukindo, msimamizi wetu.

"Mama Salha, ukiwa kazini umewahi kuumwa?"

"Kazini, hapana."

"Sasa unalalamika nini?"

Ningemzaba kofi, ila nilikuwa nimeshazima kompyuta na mkono haukunyanyuka.

Jumapili nikaenda na Salha ofisini. Nikawasha, bega likanyamaza. Nikamkalisha sakafuni, nikamsuka twende kilioni, na kila baada ya mistari miwili nikaandika upuuzi wowote ili mashine isijizime. Nilipomaliza nikambeba juujuu kama zamani. Alicheka mpaka nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Nikanyoosha mkono kuzima. Akaukamata.

"Usizime, mama. Tulale hapahapa."