Jambazi wa Vifungo

Muuza vitabu chakavu alifunua kitabu cha nne cha katuni kati ya vile alivyokuja kununua kwa fundi cherehani, akakunja uso. "Dada, hiki nacho hakina ukurasa wa mwisho. Ni panya?"

Fundi cherehani alikichukua. Ukurasa ulikuwa umechanwa taratibu, kwa rula. Panya hana rula.

Kazi ya marehemu kaka yake hiyo. Wenzake walimpenda shujaa anayeruka; yeye moyo wake ulikuwa kwa majambazi, hasa yule aliyeiba vifungo vya suruali za askari, wakabaki wameshikilia suruali badala ya kumkimbiza. Kwenye ukurasa wa mwisho ndipo jambazi huyo alipokamatwa. Basi kaka aliuchana kabla ya kumpa fundi, mdogo wake, asome.

"Ametoroka tena," alikuwa akimwambia bila kucheka. "Chunga gauni lako."

Miaka yote hiyo fundi aliamini.

Alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka akashika meza.

"Pole, dada," alisema muuza vitabu, asielewe. "Bila mwisho havisomeki. Nitavichana viwe karatasi za kufungia bidhaa."

Vitatu vilikuwa tayari ndani ya gunia lake. Fundi alipiga magoti, akatumbukiza mkono hadi begani.