Kosa la Bi Mwashumbe

Bi Mwashumbe hakuja kulalamika. Alibisha hodi ofisini kwa mkuu wa idara ya ardhi, Bwana Kihedu, akangoja mlangoni mpaka alipokaribishwa.

"Nimesikia aliyepandishwa cheo ni Hizza," alisema. "Mungu ambariki. Nilitaka tu kujua mimi nilipungukiwa wapi, mkuu, nijirekebishe."

Bwana Kihedu alikwepa macho yake. Kwenye tathmini ya mwaka, yeye mwenyewe ndiye aliyempa Bi Mwashumbe alama za juu kuliko wote. Lakini Hizza alikuwa shemeji yake.

"Kazi yako haina shida, mama," alisema mwishowe. "Ila huchangamki. Wananchi wanakuogopa."

Bi Mwashumbe aliinamisha kichwa. "Kumbe nawaogopesha watu! Ahsante kwa kuniambia, mkuu."

Asubuhi iliyofuata, Bwana Kihedu alimsikia akimpokea kila mtu kwenye kaunta kwa kicheko kikubwa kisichokuwa chake. Mzee mmoja alimwuliza kama anaumwa.

Saa ya chai ilipofika, watumishi wengine walitoka, Bi Mwashumbe akabaki kaunta na wananchi. Bwana Kihedu alibaki ofisini mwake, mkono juu ya kitasa cha mlango, akisubiri kicheko kile kinyamaze.